Matundu Matatu ya Mlima Mpole

Walimu vijana mnaokuja nyumbani kwangu hapa Musoma kuniomba niwatengenezee mlima wa moto wa karatasi, nawajua kwa swali lenu la kwanza. "Babu Fundi, itachukua siku ngapi?" Hakuna hata mmoja anayeniambia anataka mlima wa aina gani. Kwenu ninyi mlima wa moto ni mlima wa moto, kama mgeni anayedhani samaki ni samaki, mpaka aagize sato aletewe furu. Wala siwacheki sana, maana mimi nilianza nikiwa mjinga kuliko ninyi, tena sikuwa na simu ya kuniazima akili.

Mimi ni fundi bati, mtoto wa fundi bati. Baba alikuja Musoma kutoka Tabora na nyundo moja na chuma cha kulehemu, akafungua kibanda karibu na soko. Tulitengeneza ndoo, karai, koroboi, makopo ya kupimia maziwa. Sheria ya Baba ilikuwa moja tu: haivuji. Ndoo ikikamilika aliijaza maji, akaiweka juu ya karatasi kavu, akaenda kuswali alasiri. Akirudi akakuta karatasi imelowa hata kidogo, hakugomba wala hakutukana. Aliivunja ndoo mbele yako na kukurudishia bati. Mtu ukilelewa hivyo, mkono wako hauwezi kuona tundu ukalala usingizi. Likumbukeni hilo, maana ndilo litakalonifikisha pabaya.

Siku moja akaja kibandani mama mmoja mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Jina lake Mwalimu Nyangeta. Alikuwa akifundisha jiografia Bunda, na alikuwa amepewa chumba kule Nyasura akifanye chumba cha zana za kufundishia kwa shule za jirani. Akaniuliza, "Fundi, unaweza kunitengenezea mlima?"

Nikamjibu, "Wa lita ngapi?"

Alicheka mpaka akashika meza. Baadaye nilimsikia akiwasimulia walimu wenzake kisa hicho mara nyingi, na kila akisimulia lita zilikuwa zinaongezeka.

Aliagiza milima mitatu. Nami mlima wa moto niliokuwa nimeuona maishani mwangu ni mmoja, Kilimanjaro, tena kwenye kalenda. Basi nikatengeneza Kilimanjaro tatu, zinafanana kama koroboi za oda moja, kila mmoja na theluji yake kichwani. Nikazipeleka Bunda kifua mbele. Mwalimu akazizunguka mara mbili.

"Hongera, Fundi. Umejifungua mapacha watatu."

"Si ulisema milima mitatu?"

"Nilisema aina tatu. Njoo jikoni."

Darasa langu la kwanza la volkano nililipata jikoni kwa Mwalimu Nyangeta, nimekaa kwenye kigoda, nimeshika mwiko. Alibandika sufuria ya uji mwepesi. Ulipochemka vikaja vipovu vingi vidogo, vikapasuka kimya kimya, hakuna aliyeshtuka. Akaongeza unga, akaniambia nikoroge. Akaongeza tena. Uji ukawa mzito, ukaelekea kuwa ugali, na hapo ukaanza kufanya bwop, bwop, na donge moja likanirukia juu ya kidole gumba. Nikaruka na mwiko wangu.

"Moto nimeuongeza?" akauliza, bila hata kunipa pole.

"Hapana."

"Kilichoongezeka ni nini?"

"Unga."

"Basi nusu ya somo umeshamaliza."

Nusu ya pili ilikuwa hii, na ninyi wenye vyeti mnisahihishe nikikosea. Chini ya mlima kuna mwamba ulioyeyuka, na ndani ya ule uji wa mwamba kuna gesi, kama mvuke ulivyomo kwenye sufuria. Uji ukiwa mwepesi, gesi inapata njia, inatoka bila ugomvi, na lava inatiririka mbali. Ukiwa mzito, gesi inakwama na kujikusanya, na siku ikitoka haitoki peke yake, inatoka na mwamba, majivu, na kichwa cha mlima chenyewe.

Halafu akachukua sinia. Akamwaga uji mwepesi, ukatambaa mpaka ukingoni, ukabaki bapa. "Huo ndio mlima wa volkano ngao," akasema, "mpana, umelala chali, unaweza kuupanda huku unapiga soga. Iko ya hivyo kule Kongo, nyuma ya Ziwa Kivu." Akaweka donge la uji mzito, likasimama. "Hiyo volkano tabaka. Leo inatema majivu, kesho lava, keshokutwa majivu tena, inajijenga safu juu ya safu mpaka inakuwa ndefu yenye mabega. Kilimanjaro chako kimo humo, na Meru, ambao ulibomoka ubavu mzima." Mwisho akatia mahindi ya bisi kwenye sufuria bila kifuniko. Bisi zikaruka, zikaanguka pembeni mwa sufuria, zikajipanga zenyewe mduara. Hiyo ikawa koni ya majivu, kilima kidogo cha vipande vilivyorushwa juu vikaanguka kandokando ya shimo vilikotoka. Tukala ushahidi wote, na mimi nikarudi Musoma nimeshiba volkano.

Nilivunja mapacha wangu na kuanza upya. Sikilizeni sasa ninyi mnaotaka kujifunza kazi. Kwa mlima ngao, ukiwa na urefu wa kiganja kimoja, upana usipungue viganja kumi, na hata hapo umeupendelea kwa urefu. Gundi ni ya unga wa muhogo, ichemshwe mpaka ing'ae, na utie chumvi kidogo panya wasiule mlima wako. Nimewahi kuliwa kreta nzima, mdomo wote wa mlima. Mlima tabaka uupake karatasi, halafu jivu, halafu karatasi, ili mwanafunzi akiukata katikati aone safu kwa macho yake. Tumboni weka kopo la bati lenye koo linalopanda mpaka mdomoni. Siki unajazia kwa chini, kwenye tundu lenye kifuniko cha kufunga. Magadi yanakaa kwenye kikombe kidogo juu ya siki, na uzi mmoja unatoka nje. Ukivuta uzi, kikombe kinapinduka, magadi na siki vinakutana, na povu linapanda. Tia rangi ya mkeka, ile nyekundu ya ubuyu, watoto hawatasahau. Nguo nazo hazitasahau.

Kuhusu magadi, Mwalimu alikuwa na mlima wake kipenzi, Ol Doinyo Lengai, ulio upande ule wa pili wa Serengeti. Alisema mlima ule una lava isiyofanana na yoyote duniani, nyepesi sana, haina moto mkali kama wenzake, inatoka nyeusi halafu baada ya muda inageuka nyeupe, kwa sababu imejaa magadi. Nikamwambia, "Yaani hayahaya ya kulainishia maharage?" Akasema ndugu yake. Na majivu ya milima ya kule ndiyo yaliyotandaza ardhi ya mbuga ambayo nyumbu wanakula majani yake kabla ya kuja kutusumbua huku Bunda. Tangu siku hiyo mke wangu akipika maharage yakafurika jikoni, namwambia Lengai imeamka. Yeye ananiambia niamke mimi nikasonge ugali.

Lakini elimu ya jikoni ina hatari yake, unatoka ukiwa na kiherehere. Tulikwenda shule moja Butiama kuonyesha milima yetu. Kipindi kilipoisha, mzee mmoja mfugaji aliyekuwa akisikiliza dirishani akaja akaonyesha kwa fimbo kilima cha mawe kilichokuwa nyuma ya boma lake, yale mawe makubwa ya kwetu yaliyobebana.

"Mwalimu, hiki kilima chetu nacho kinatemaga moto?"

Mwalimu alikuwa anakunywa maji. Nikajibu mimi. "Kimelala tu, mzee."

Mzee akakitazama kilima, akawatazama ng'ombe wake, akanitazama mimi, akaondoka bila kuaga. Tulipokuwa tunafunga mizigo tukaona wanawe wanang'oa miti ya zizi. Mwalimu akaniuliza nimemwambia nini yule baba. Nikamwambia. Akaweka mkoba chini, tukatembea mpaka bomani kwenye jua la saa nane.

Kufika, alinitazama ili niseme mwenyewe. Mimi nikawa naangalia ng'ombe. Akasubiri, na nilipozidi kuangalia ng'ombe, akasema yeye. "Mzee wangu, tumekuambia vibaya. Hicho si mlima wa moto. Hayo mawe zamani yalikuwa uji wa mwamba kama ule mwingine, ila haukutoka. Ulikwama chini sana, ukapoa humohumo taratibu mpaka ukawa jiwe. Udongo wa juu ukaisha kwa mvua na upepo, ndiyo jiwe likaonekana. Hilo halilipuki tena."

Mzee akafikiri. "Kwa hiyo lilikuwa na jambo lake moyoni, likanyamaza mpaka likawa jiwe."

"Ndivyo, mzee."

"Basi namjua mtu wa hivyo. Shemeji yangu."

Tukacheka, mzee akawaambia vijana wake warudishe miti. Angalieni lakini jinsi mambo yalivyokwenda. Kosa lilikuwa langu, na aliyesema "tumekuambia vibaya" alikuwa Mwalimu. Mimi nilibaki na ng'ombe.

Sasa nije kwenye siku ya mgeni, ambayo nimekuwa nikiizunguka tangu nianze kuandika.

Ilisemwa kwamba kile chumba cha Nyasura kigeuzwe stoo ya madawati mabovu. Wapo walioona watoto kuchezea karatasi na siki ni kupoteza muda, wakati ubao upo na chaki ipo. Mgeni kutoka ofisini angekuja kuona kwa macho yake, na neno lake lingekuwa la mwisho. Chumba kikifa, kazi yangu imekufa, lakini mimi ningerudi kwenye ndoo zangu. Mwalimu ndiye aliyekuwa na kitu cha kupoteza. Alikuwa amekipigania kile chumba miaka mitatu. Alikuwa na imani moja, kwamba mtoto asiposhika kitu kwa mkono wake amekariri tu, na hakuna kazi nyingine aliyoipenda namna ile.

Mchana wa siku iliyotangulia nilibaki peke yangu na milima. Nikafanya alivyonifundisha Baba, nikaijaza maji nikaiweka juu ya magazeti. Tabaka, kavu. Koni, kavu. Ngao, nikakuta gazeti limelowa chapachapa. Nikaugeuza. Kulikuwa na matundu matatu ubavuni, yamepita karatasi mpaka kwenye bati, ya msumari.

Vijana wangu, niliona aibu kana kwamba Baba amesimama mlangoni. Mlima wa mtoto wa fundi unavuja! Nikalaani watoto wa shule kwa kuchokonoa. Nikawasha mkaa, nikafunua ngozi ya karatasi, nikayalehemu matundu yote matatu kwa lehemu safi. Ili vumbi la mkaa lisiingie tumboni, nikauziba mdomo kwa donge la karatasi lenye gundi ya muhogo. Nikairudishia ngozi, nikapaka rangi mlima wote, na donge nalo nikalipaka. Hata nikasimama mbali nikasema, kreta imependeza. Halafu nikaenda kuswali, nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi yake.

Asubuhi mgeni akafika. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani na suti ya Kaunda rangi ya maziwa. Wanafunzi walikuwa wamepangwa, Mwalimu kavaa gauni lake la kitenge cha sikukuu. Alikuwa amejaza siki na magadi kwa chini, hakuwa na sababu ya kukagua mdomo. Akaanza kwa kueleza vizuri kuliko siku zote, uji mwepesi na uji mzito, mpaka mgeni akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Tuanze na huu ngao, mheshimiwa. Huu ni mpole. Lava yake inatoka juu na pembeni, kwenye nyufa, inatambaa tu. Unaweza kusogea karibu kabisa."

Mheshimiwa akasogea karibu kabisa. Akainama. Mimi nikavuta uzi.

Kimya. Nikasikia ndani unachemka, shiii, kama sufuria iliyofunikwa.

"Mbona hautoki?" akauliza mgeni, akainama zaidi.

Hapo ukatoka. Donge langu la muhogo liligonga dari, likarudi, likamwangukia mwanafunzi mmoja begani. Povu jekundu likapanda juu na kushuka lote kwenye ile suti ya maziwa, miwani na yote. Watoto wakapiga kelele za furaha ambazo sijasikia tena shuleni. Na Mwalimu, kwa kutaka kuokoa jahazi, akasema, "Sasa tuone ule mkali," na watu wote wakakimbilia mlangoni. Akavuta uzi wa tabaka. Koo la ule nilikuwa nimeliacha pana kama faneli. Povu likatoka kidogo kidogo, likateremka taratibu kama udenda wa mtoto anayeota meno.

Mpole alikuwa amelipuka, na mkali alikuwa anadondosha mate. Mlima niliuziba mwenyewe kwa mikono yangu, donge nikalisahau mdomoni, gesi ikakosa njia, na kila alichokifundisha Mwalimu jikoni kikatimia, ila upande usiotakiwa.

Mgeni akafuta miwani. "Nani ametengeneza kitu hiki?"

Mwalimu alikuwa ameshauinua ule mlima ngao uliolipuka. Nilimwona akipitisha vidole ubavuni, pale palipokuwa na matundu. Vidole vikasimama. Mimi nilikuwa nimefungua mdomo. Neno "mimi" lilikuwa limeshafika kooni, nawaapia, limefika hapa.

"Ni vipimo vyangu, mheshimiwa," akasema Mwalimu. "Fundi alifuata nilichomwagiza."

Nikafunga mdomo.

Wiki chache baadaye zikaja barua mbili. Chumba kingebaki, kwa sababu, iliandikwa, fundi aliyepo ni mtu makini anayefuata maelekezo. Na Mwalimu Nyangeta alihamishiwa shule ya Mugango, ambako hakukuwa na chumba cha zana, wala meza ya kuwekea zana. Alikuja kuchukua sufuria yake. Akanikabidhi funguo na kuniambia niangalie panya. Nikamwambia nitaangalia. Hayo ndiyo niliyomwambia, panya.

Nikakaa kwenye kile chumba mpaka nikastaafu. Nimetengeneza milima sijui mingapi. Kutoka hapa mpaka Mugango si safari ya kumshinda mtu, na hata mama yangu mdogo yuko huko. Nilikwenda kwenye misiba, nilikwenda kwenye harusi, nilikwenda kununua dagaa. Nikipita karibu na ile shule niliangalia ziwa.

Mke wangu, Mama Zuhura, nilimwambia kisa hiki mwaka huohuo. Yeye ni volkano ngao halisi. Anatoa kila siku asubuhi, kuhusu chumvi, kuhusu viatu vyangu, kuhusu serikali, na ikifika adhuhuri hana kitu moyoni, analala usingizi mzito. Miaka mingi nilimwonea huruma kwa maneno yake mengi. Na miaka hiyohiyo kila tukisikia jina la Mugango alikuwa ananiambia neno lilelile. "Nenda ukaseme." Mimi nilikuwa namjibu kwamba jambo la zamani limepoa.

Mwaka jana akaja mmoja wenu, binti wa shule moja hapa mjini, akaomba milima mitatu. Naye akauliza siku ngapi. Nikamwuliza aina gani, akanitolea simu. Nikaanza kazi. Nilipofika kwenye ngao, nikachukua msumari ili nipime unene wa bati, na mkono ukasimama. Ndipo nilipolisikia tena lile neno la Mwalimu la siku ya mgeni, kana kwamba halikuwahi kufika masikioni mwangu: inatoka juu na pembeni, kwenye nyufa. Hakukuwa na mtoto yeyote aliyechokonoa. Matundu yale alikuwa ameyatoboa Mwalimu mwenyewe, kwa kipimo, ili mlima upumue. Ilinichukua miaka yote ile kuelewa, na mimi ndiye mnayemwita mtaalamu.

Nikatoboa matundu matatu. Siku ya pili nikaufunga mlima kwenye karai, nikachukua bodaboda mpaka Mugango.

Nilimkuta uani, anaanika mihogo. Amezeeka, macho yana mtoto wa jicho, mtu anamwona kama kivuli. Sauti tu ndiyo ileile.

"Nani huyo?"

"Fundi Athumani, Mwalimu."

"Fundi wa lita!" Akapiga makofi, akaniita niketi. Tukaulizana habari za watoto, za magoti, za bei ya mihogo. Halafu akasema, "Umebeba nini? Nasikia bati."

Nikaweka mlima mapajani mwake. Akaushika kama mtu anavyoshika kichwa cha mjukuu, toka juu kwenda chini. "Ngao," akasema. "Mpana vizuri. Siku hizi huipi theluji?" Vidole vikateremka ubavuni. Vikakuta tundu la kwanza. Vikasogea, vikakuta la pili. La tatu. Vikabaki hapo.

Nilijua ananisubiri, kama siku ile bomani kwa mzee. Palikuwa na mbuzi uani, ningeweza kuangalia mbuzi.

"Mwalimu," nikasema, "yale matundu ya siku ile niliyaziba mimi. Kwa lehemu. Na mdomo niliuziba mimi. Halafu nikanyamaza, wewe ukahamishwa, na mimi nikabaki na chumba chako." Sauti ilinitoka vibaya, mtu mzima na mvi zangu.

"Najua," akasema. "Sasa mtu gani mwingine Bunda nzima alikuwaga anaziba tundu kwa lehemu? Mtoto wa darasa la tano?"

"Kwa nini ulinikingia?"

"Nilikukingia siku moja tu, Fundi, mbele ya mgeni, tusipoteze chumba. Nikasema jioni atakuja mwenyewe aseme. Hukuja. Nikasema kesho. Ikaja barua, nikasema sasa hapo atakuja." Aliendelea kupapasa mlima. "Iliniuma. Wala siyo Mugango, huku ni kwetu, nimefundisha vizuri tu kwa sufuria yangu. Iliniuma kwamba nakusikia umepita barabarani na huingiagi. Mwisho nikakuweka kwenye kundi la yale mawe ya Butiama. Nikasema huyu ameshapoa humohumo, huyu hatoki tena."

Nikamwambia nisamehe, Mwalimu. Akasema, "Kumbe ulikuwa umelala tu," na akacheka kile kicheko chake cha kushika meza, ila meza haikuwepo akashika bega langu.

"Una magadi humu?"

"Ninayo. Na siki."

"Na mdomo?"

"Weka kidole, Mwalimu, hakikisha mwenyewe."

Akaweka kidole, kikazama chote. Ndipo akavuta uzi. Shiii, ikaanza. Mimi, nisiwafiche, niliegemea nyuma kidogo. Yeye hakusogea. Alilaza kiganja ubavuni mwa mlima, chini ya matundu, akasubiri, kwa kuwa kuona haoni.

"Inatoka?"

"Inatoka juu, na kwenye matundu yote matatu."

Povu likamfikia mkononi, likapita katikati ya vidole vyake, jekundu, likashuka mpaka kwenye karai.

"Polepole?"

"Polepole, Mwalimu. Haijamrukia mtu."

"Sasa mbona unalia?" akauliza, na akanifuta uso kwa kiganja kilekile chenye rangi ya mkeka.